Pipa la Mwisho Kwenye Kona

Ilikuwa Jumamosi, tarehe sita ya mwezi wa tisa, mwaka jana, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Siku hiyo ndiyo mambo yote yaliharibika. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa hivi, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi, tarehe sita, mwezi wa tisa. Siku ya tamasha la wilaya. Siku ambayo mke wangu, yule mliyemwita Mama Barabara, aliongoza msafara wa magari ya wageni kupanda mlimani, na hakufika juu.

Mimi ni mumewe. Si mtangazaji. Ni fundi ujenzi, shule niliiacha darasa la tano, na haya maneno nimeyaandika mwenyewe kwa mkono uliozoea mwiko. Mkisikia nimekwama, mjue mwandiko wangu umenishinda. Kipindi hiki kilikuwa chake. Kila Jumamosi, saa hii hii, aliwaambia njia ya kupita na kitu cha kutazama. Leo wenye redio wamenipa saa yake nimkumbuke. Chumba ni kilekile. Trei za mayai zimegongomewa ukutani ili sauti isirudi. Kiti ni kilekile chenye mguu mmoja mfupi, na kadibodi aliyoikunja yeye bado iko chini ya ule mguu. Mama wa mitambo, upande wa pili wa kioo, ameniambia, "Shemeji, sogea karibu na maiki, lakini usiile." Nimesogea.

Leo pia nina jibu la kutoa. Wiki hii wakubwa wa tamasha walikuja nyumbani kwangu. Wanataka kile kituo cha kutazama mandhari kule mlimani kiitwe kwa jina la mke wangu, na mimi nikakate utepe. Niliwaambia jibu watalisikia redioni. Najua wanasikiliza. Basi wasubiri kidogo. Mimi nimesubiri mwaka.

Kwanza mumjue.

Baba yake alikuwa dereva wa lori la maziwa. Mama mkwe wangu yuko hai, yuko nyumbani na redio yake mapajani, na hili amenisimulia mara nyingi: "Huyu hata kutambaa hajaanza, anataka usukani. Baba yake akimshusha garini analia mpaka majirani wanakuja kuuliza tunamfanya nini." Alikulia kwenye kiti cha mbele cha lori. Alijua mlima upi unalifanya lori lilie na daraja gani lina mbao inayopiga kofi chini ya gurudumu. Wenzake walicheza na midoli. Yeye alikuwa anamuuliza baba yake kwa nini hapa tunapunguza na pale hatupunguzi.

Nilikutana naye barabarani, ningekutana naye wapi kwingine? Nilikuwa najenga ukuta wa kalvati. Yeye alikuwa anaendesha pikapu ya kusambaza mbegu. Akasimama, akateremsha kioo.

"Fundi, huo ukuta umelewa?"

"Ukuta wangu una timazi," nikamwambia. "Labda gari lako ndilo limeegemea."

Akashuka. Akaniomba ile timazi, akaining'iniza mwenyewe, akafumba jicho moja. Ukuta ulikuwa umenyooka. Akanirudishia timazi yangu, akasema, "Basi sababu yangu ya kusimama imekufa. Kesho itabidi nitafute nyingine." Kesho yake akasimama tena. Hakuwa na sababu yoyote. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu. Aliniita Saruji. "Saruji, njoo ule." "Saruji, unakoroma." Mtu akiniita hivyo leo nageuka kabla sijakumbuka.

Kipindi chake, wasikilizaji wapendwa, mnakikumbuka. Wilaya hii wengi waliiona ni mahali pa kupita tu, unakimbia kwenda kwingine. Yeye aliwafundisha watu kwenda polepole. "Ukifika bwawa la matete," alikuwa anasema, "teremsha kioo, endesha kama umebeba mayai. Ndege weupe watainuka upande wa kulia. Wasipoinuka, basi umepiga honi, usinilaumu mimi." Akiwaelekeza kwenye tamasha, hakuwaficha. "Maua ni mazuri, nendeni. Ila egesheni magari yakitazama barabara, maana hotuba ni ndefu." Mheshimiwa mmoja alilalamika kwa wenye redio. Jumamosi iliyofuata mke wangu akasema hewani kwamba ameombwa asahihishe. Akasema, "Nasahihisha. Hotuba ni ndefu sana."

Na ule msitu wa juu, kabla ya kona. Kwa msitu ule alikuwa na maneno yake. "Hapa zima redio. Hata mimi nizime. Kaa kimya kidogo." Watu walizima kweli. Mama wa kibanda cha chai pale msituni aliniambia siku ya mazishi, "Kabla yake, magari yalinitimulia vumbi tu. Alivyoanza kusema redioni, yakaanza kusimama. Watu wanashuka, hawaongei, wanasikiliza miti. Mimi nikadhani wametumwa na dini mpya."

Sasa nifike kwenye kona.

Ukitoka msituni barabara inapanda, halafu inakuja ile kona kubwa. Kulia ni mwamba. Kushoto ni hewa. Kushoto hakuna kitu kabisa mpaka chini mtoni. Lori la kabichi liliwahi kwenda kule, dereva akavunjika nyonga. Mke wangu alisema hewani: tunaomba vyuma vya kingo. Akaenda ofisi ya barabara, akakaa kwenye benchi lao. Wakamwambia, "Mama, liko kwenye mpango." Akarudi tena. "Mama, mpango upo." Lile benchi alilijua kuliko walinzi wa pale. Wao wana magari yenye viyoyozi, wanapita konani wamefunga vioo wakiongea na simu, wangeonaje?

Siku moja akaja nyumbani akatupa funguo mezani. "Saruji, una zege?"

"La nini?"

"La mpango."

Tukaomba mapipa ya mafuta kwenye magereji. Mimi nikayajaza mawe na zege. Binti yetu akayapaka nyekundu na nyeupe, na kichwa chake nacho akakipaka, tukamkata nywele. Mke wangu alikuwa amesimama juu yangu kama msimamizi. "Yatie uzito, bwana, wasije watu wakayageuza ya kukingia maji ya mvua." Nikayatia uzito. Pipa moja, wanaume wanne wakiinama wote, halitikisiki. Lilikusudiwa lisitikisike. Tuliyashusha kwa trekta la jirani, moja baada ya jingine, ukingoni, kufuata kona tangu inapoanza mpaka inapoishia.

Halafu akawafundisha madereva. Hili nalirudia pole pole, kwa sababu ndilo lenyewe. Alisema hewani kila msimu wa ukungu: "Kwenye ukungu usitazame mbele. Mbele hakuna kitu. Tazama mapipa upande wa kushoto, fuatana nayo. Ukiliona pipa la mwisho, kona imeisha. Nyoosha usukani, ongeza mwendo kidogo, umefika." Pipa la mwisho, kona imeisha. Madereva wote wa huku wanajua. Wa maziwa, wa gari la shule, wa gari la wagonjwa. Hakuna gari lililoanguka tena pale. Na wakubwa walikuja wakapiga picha wamesimama na mapipa, mkono kiunoni, kama wao ndio waliokoroga zege.

Basi lile tamasha la mwaka jana. Wakaamua wajenge kituo cha kutazama mandhari, Mheshimiwa akizindue siku hiyohiyo. Wakasawazisha sehemu upande wa kushoto, chini kidogo ya kona, mahali barabara nayo inapinda kidogo, kiasi cha kudanganya. Wakamwaga kokoto. Wakaweka viti. Halafu wakagundua hakuna cha kufungia utepe, na hakuna cha kuwazuia waheshimiwa wasidondoke wakipiga picha. Juu pale konani kulikuwa na mapipa, mazito, mazuri, yamejipanga.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya tamasha, kreni ilipanda ikayang'oa mapipa yote konani. Ikayashusha kwenye kituo, ikayapanga pembeni ya barabara kufuata ile kona ndogo. Wakayapaka nyeupe tupu. Wakafunga utepe.

Hakuna aliyetuambia. Hawakutangaza redioni, na redio ni hii hapa, ina mlango, mlango haufungwi. Mke wangu alipita njia ile mara ya mwisho Alhamisi, mapipa yakiwa konani.

Jumamosi asubuhi alivaa sweta lake la kijani. Akaniwekea chai kwenye chupa. "Saruji, chai iko hapo, usije ukawaambia watu nilikuacha na njaa."

"Niletee ua moja," nikamwambia.

"Maua ya kule ni ya kutazama, bwana, si ya kuchuma. Ukitaka ua, njoo."

Nilikuwa na kisima cha mtu nakijenga. Sikwenda.

Nyuma ya gari lake lilifuata gari la mgeni mmoja, mama daktari wa meno, alikuwa hajawahi kuja huku. Yeye ndiye aliyeona. Alikuja nyumbani baadaye, akakaa jikoni kwetu, hakuweza kunywa hata maji. Alisema hivi: "Ukungu ulikuwa kama shuka. Mimi nilikuwa nashika taa zake nyekundu tu. Alikuwa anakwenda taratibu sana, kama mtu aliyebeba mayai. Nikaona mapipa meupe kushoto. Taa zake zikapinda nayo, vizuri kabisa, kama mtu anayefuata ukuta wa nyumba yake. Mapipa yakaisha. Taa zikanyooka. Akaongeza mwendo kidogo. Halafu taa hazikuwepo. Mimi nilisimama, baba. Nilisimama kwa sababu sikuijua barabara."

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa. Mgeni alisimama kwa sababu hakuijua barabara. Mke wangu hakusimama, kwa sababu aliijua. Aliliona pipa la mwisho. Kona imeisha. Akanyoosha usukani. Ila kona ilikuwa haijaanza. Ilikuwa mbele yake, nzima, haina pipa hata moja.

Alikuwa peke yake garini. Watu wa mtoni ndio walimfikia. Wamenihakikishia hakuteseka. Nimeamua kuwaamini.

Wakubwa walikuja msibani na shada kubwa kuliko mlango wetu, ikabidi liingizwe kwa ubavu. Walisema maneno matamu. Mmoja wao alimnong'oneza mwenzake, karibu na bomba, akidhani mimi sisikii: "Inasemekana marehemu alikuwa na mwendo." Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alitaka kumshika koo. Nilimzuia. Sijui kwa nini nilimzuia.

Na kabla hatujaanua turubai la msiba, mapipa yalikuwa yamerudi konani. Meupe vilevile. Moja lina kipande cha utepe bado. Yaani kuna mtu alielewa, haraka sana, kwamba yalikuwa yamekaa pabaya.

Nikaanza kuuliza. Nauliza kitu kimoja tu. Mapipa yale hayabebeki kwa mikono, nimeyajaza mwenyewe. Yalitaka kreni. Nani aliyeituma kreni?

Dereva wa kreni nilimpata nyumbani kwake. Alikuwa amekonda. "Mzee wangu, mimi naambiwa inua, nainua. Aliniambia msimamizi." Msimamizi akasema aliambiwa na ofisi ya barabara. Ofisi ya barabara nikakaa kwenye benchi lilelile la mke wangu, wakaniambia iliomba kamati ya tamasha. Kamati ikasema ni watu wa itifaki wa Mheshimiwa. Watu wa itifaki wakasema, mambo ya barabara si yao, niende ofisi ya barabara. Wananirushiana kama mpira, na mpira wenyewe una magoti mabovu. Kila mlango wananiambia uchunguzi unaendelea. Umeendelea mwaka mzima. Kama ungekuwa gari, ungekuwa umeshavuka mpaka.

Sasa wiki hii wamekuja. Mwenyekiti wa kamati na mama wa itifaki. Tamasha ni Jumamosi ijayo.

"Mzee wetu," mwenyekiti akaanza, "tumekuja kwa heshima."

"Karibuni. Kaeni, na heshima yenu ikae hapo, kuna nafasi."

Akacheka kidogo, akaacha. Akanieleza habari ya jina. Kibao kikubwa, herufi za shaba, jina la mke wangu. Wageni watalisoma wakitazama mandhari. Mimi nitakata utepe, Mheshimiwa amenishika mkono.

"Utepe utafungwa kwenye nini?" nikamuuliza.

Akamtazama mwenzake. "Kwenye… nguzo. Safari hii tumeweka nguzo."

"Na aliyesema mapipa yahamishwe, atakuwepo?"

Mama wa itifaki akaweka mkono mezani, sauti laini, kama anampaka mtoto mafuta. "Mzee, tusifukue. Tutazame mbele. Tusonge mbele."

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kiti chake pembeni, macho amefumba, wakadhani amelala. Akasema, "Mwanangu ndiye aliyesonga mbele, mama. Mbele hakukuwa na kitu."

Hapo wakaaga.

Sitawaficha, wasikilizaji wapendwa, jambo hili limenisumbua. Binti yetu alinipigia simu jioni ile. Akaniambia, "Baba, mimi ningependa. Watoto wangu wapite pale walisome jina la bibi yao. Wewe ukigoma, watachukua jina la mtu mwingine, mama watamsahau." Ana haki. Ni mama yake. Alipaka yale mapipa kwa mikono yake. Nimekaa na maneno hayo, nimeyageuza hivi na hivi. Nimekwenda mpaka kule juu, nikasimama kituoni. Mandhari ni nzuri, sitasema uongo. Unaona bwawa la matete kama sahani, unaona mto, unaona paa la nyumba yetu. Angependa. Angewaambia mteremshe vioo.

Lakini nikaiona siku yenyewe. Mheshimiwa anapiga makofi. Mimi na mkasi. Jina lake kwenye shaba, na mtu yule yupo katikati ya waliopiga makofi, labda ndiye aliyenishikia mkasi, na mimi namwambia ahsante.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwenyekiti, mama wa itifaki, Mheshimiwa, nisikilizeni, sitarudia mara nyingi. Mnataka jina la mke wangu. Mimi nataka jina la mtu mmoja. Tubadilishane. Siku mtakaponiletea lile, nitawapa hili, nitakuja na suti yangu ya harusi, nitakata utepe mpaka mkasi ubutuke. Kabla ya hapo, Jumamosi ijayo msinitazamie. Na jina lake msiliandike.

Binti yangu, nisamehe kama nimekuudhi. Wanao watamjua bibi yao, nitawasimulia mimi, mpaka wachoke.

Pole nazitoa sasa, kama desturi ya kipindi hiki. Pole kwako, mama mkwe, uliyemzika mume kisha ukamzika mtoto. Pole binti yangu, pole shemeji. Pole kwa mama wa kibanda cha chai, anayesema magari yamerudia kumtimulia vumbi. Pole kwa mama daktari wa meno, popote ulipo, usiogope kurudi. Na pole kwa dereva wa kreni. Najua hulali. Hata mimi.

Madereva, mapipa yako mahali pake. Nimeyapaka upya nyekundu na nyeupe. Lakini kuanzia leo, kwenye ukungu, simama, shuka, yaguse. Na ninyi mnaokaa nyuma ya meza, kabla hamjahamisha kitu cha watu, ulizeni kwanza kiliwekwa pale kwa nini. Kuuliza kwenyewe ni neno moja. Sisi tungejibu.

Mama wa mitambo ananionyesha kidole, saa yangu inaisha. Nimemwomba asipige wimbo. Fanyeni kama alivyokuwa akiwaambia pale msituni. Zima redio. Hata mimi nizime. Kaa kimya kidogo. Na wewe mmoja unayejijua, uliye mahali unanisikiliza sasa hivi, ukishazima, baki na hili hili ninalolizungusha milangoni tangu mwaka jana, maana kreni haijitumi: nani aliituma?